SIGARA YA UMEME: JE, MADHARA MADOGO YAFAA KUWA MLANGO WA KUTOKEA KATIKA MADHARA MAKUBWA?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.



Swali la Ijumaa hii limeletwa na mzee mmoja wa msikiti wetu. Amevuta sigara zaidi ya miaka thelathini. Amejaribu kuacha mara nyingi. Kila Ramadhani huweza kujizuia tangu alfajiri hadi magharibi, lakini baada ya futari mkono hurudi mfukoni. Safari hii mtoto wake anayeishi Ulaya amemletea kifaa kinachoitwa sigara ya umeme, akamwambia: «Baba, waganga wa huku wanasema hii ni afadhali kuliko ile unayowasha kwa kibiriti.»

Mzee ameuliza mambo mawili. La kwanza: je, akikitumia kifaa hiki ili aache sigara, atakuwa ametoka katika haramu au amehama kutoka haramu moja kwenda nyingine? La pili limemtoka kwa uchungu zaidi. Mtoto wake mdogo, mwenye miaka 15, amekiona kifaa hicho mezani akasema: «Baba, kama hii ni afadhali, mimi nikivuta kuna ubaya gani?»

Ndugu zangu, maswali haya yanafanana kwa sura, kumbe ni mawili mbalimbali, na jibu la moja silo jibu la lingine. Watu wengi wanaogombana juu ya jambo hili, wakubwa kwa wadogo, wanagombana kwa sababu wanajibu swali moja kwa jibu la swali la pili. Basi tulitazame jambo hili polepole.

KIFAA CHENYEWE NI NINI

Sigara ya kawaida ni tumbako inayoungua. Inapoungua hutoa moshi wenye zaidi ya aina 7,000 za kemikali, na katika hizo kama 70 zinajulikana kuleta saratani. Ndani yake mna ile lami nyeusi tunayoiita gudroni, inayoganda ndani ya mapafu. Mna pia hewa ya sumu ileile inayoua watu wanaolala na mbabula ya makala ndani ya chumba kilichofungwa. Mvutaji huiingiza hewa hiyo kifuani mwake kidogo kidogo, kila siku, kwa fedha yake mwenyewe.

Kuna kitu kingine ndani ya tumbako, jina lake nikotini. Hiki ndicho kinachomfunga mtu. Si hicho hasa kinacholeta saratani, lakini ndicho kinachomrudisha mtu kwenye moshi kila saa. Daktari mmoja wa London, Michael Russell, aliliandika jambo hili tangu mwaka 1976: kwamba watu huvuta kwa ajili ya nikotini, lakini wanakufa kwa lami. Maneno yake ndiyo mzizi wa mjadala wote tunaouona leo.

Sigara ya umeme haina moto. Ina betri, ina waya mdogo unaopata joto, na ina maji maalumu yenye nikotini na harufu za kutia utamu. Waya unapopata joto, maji yanakuwa mvuke, na mtu anavuta mvuke badala ya moshi. Aliyeitengeneza mwaka 2003 kwa namna iliyoenea duniani ni mfamasia wa China anayeitwa Hon Lik, mvutaji mwenyewe, na baba yake alikuwa mvutaji mkubwa aliyekufa kwa saratani ya mapafu. Kwa hiyo asili ya kifaa hiki ni mtu mwenye kifungo aliyekuwa akitafuta njia ya kutoka. Lakini si kila kitu hubaki na niya ya aliyekianzisha.

WANAOSEMA NI AFADHALI

Uingereza ndiyo nchi iliyoshikilia zaidi upande huu. Mwaka 2015 idara ya afya ya umma ya huko ilitangaza kwamba madhara ya sigara ya umeme yanakadiriwa kuwa pungufu kwa asilimia kama 95 kuliko ya sigara ya moto. Wataalamu wengine waliikosoa hesabu hiyo wakasema msingi wake si imara. Lakini hata wengi wa wakosoaji hawakukana jambo lenyewe: kwamba mvuke una sumu chache kuliko moshi.

Kisha mwaka 2019 ulitoka utafiti uliofanywa Uingereza kwa wavutaji 886 waliotaka kuacha. Nusu walipewa dawa za kawaida za nikotini, kama vibandiko vya ngozi na chingamu. Nusu walipewa sigara ya umeme. Wote walipata pia mtu wa kuwashauri. Baada ya mwaka mmoja, katika kundi la kwanza walioacha sigara walikuwa asilimia 9.9, na katika kundi la sigara ya umeme asilimia 18. Yaani karibu mara mbili. Mwaka 2023 serikali ya huko ikatangaza kwamba itawapa wavutaji milioni moja vifaa hivi ili waache sigara.

Hoja yao ni hii. Tumbako huua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, na katika wanaoivuta bila kuacha, hata nusu yao huweza kufa kwa sababu yake. Basi mtu anayezama usimwambie asubiri mtumbwi mzuri. Mpe ubao aushike.

WANAOSEMA NI MTEGO

Upande wa pili nao wana hoja nzito, na hatuna haki ya kuzificha.

Kwanza, vijana. Huko Marekani mwaka 2019, katika kila wanafunzi 100 wa sekondari za juu, zaidi ya 27 walikuwa wametumia sigara ya umeme katika siku 30 zilizotangulia. Wengi wa watoto hao hawakuwa wanazama. Walikuwa nchi kavu, wakatupwa majini kwa harufu ya embe na pipi. Hesabu hiyo imeshuka baadaye, na mwaka 2024 ilikuwa karibu 8 katika 100, lakini nikotini imekwisha kuwafunga wengi, na ubongo wa kijana unafungwa upesi kuliko wa mtu mzima. Uingereza yenyewe, nchi inayowapa wavutaji vifaa hivi, ilipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2025 kuuza vile vya kutumia mara moja na kutupa, kwa sababu vilienea mno kwa watoto na kuwa takataka barabarani.

Pili, sumu isiyojulikana. Mwaka 2019 Marekani watu walianza kulazwa hospitalini kwa mapafu kuharibika ghafla. Hadi Februari 2020 walihesabiwa 2,807, na 68 kati yao walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi walivuta maji yenye dawa ya bangi yaliyonunuliwa kwa wauzaji wa pembeni, yakiwa yamechanganywa na mafuta fulani ya vitamini. Fundisho lake kwetu ni wazi: hata kama kifaa ni kimoja, kilichomo ndani chaweza kuwa kingine.

Tatu, wafanyabiashara. Makampuni ya tumbako yana historia. Waganga walipoanza kusema sigara inaua, makampuni yalileta vichungi, kisha sigara zilizoitwa nyepesi, na watu wakaambiwa kwamba hizo ni salama zaidi. Mwaka 2006 mahakama ya Marekani ilihukumu kwamba makampuni hayo yaliwadanganya watu kwa miaka mingi, pamoja na jina hilo la «nyepesi». Mwaka 2018 kampuni kubwa ya sigara ya huko ililipa dolari bilioni 12.8 kununua sehemu ya 35 katika mia ya kampuni ya sigara za umeme. Yule anayekuuzia ugonjwa ndiye anataka kukuuzia na dawa. Mwenye akili haikatai dawa kwa sababu hiyo tu, ila huikagua mara mbili.

Nne, na hili ndilo tunaomba mlizingatie. Katika ule utafiti wa Uingereza, wale walioacha sigara kwa kutumia kifaa walikuwa 79. Baada ya mwaka mmoja, 63 kati yao walikuwa bado wanavuta kifaa. Katika wale 44 walioacha kwa vibandiko na chingamu, waliokuwa bado wanazitumia ni 4 tu. Yaani wengi walitoka katika moto lakini hawakutoka katika utumwa. Mlango wa kutokea wameufanya sebule, wakakaa humo.

Shirika la Afya Duniani limeonya juu ya vifaa hivi, na Desemba 2023 lilizitaka serikali zichukue hatua haraka. Jirani zetu wa Uganda walivipiga marufuku kwa sheria yao ya tumbako ya mwaka 2015. Nchi yetu ya Kongo iliridhia mwaka 2005 mkataba wa dunia wa kupambana na tumbako, lakini sote tunaona sigara zinavyouzwa moja moja njiani, hata kwa mtoto.

ULAMAA WAMESEMA NINI

Tumbako haikuwako Makka wala Madina katika zama za Mtume. Ilipoingia katika nchi za Waislamu, kuelekea mwaka 1600, ulamaa walihitilafiana. Sultani Murad wa Nne wa Istanbul aliipiga marufuku mwaka 1633 na kuwaua waliovunja amri yake. Lakini Sheikh Abdul-Ghani an-Nabulsi wa Damaski, aliyefariki mwaka 1731, aliandika kitabu kizima kuonyesha kwamba si haramu, kwa kuwa hakuna andiko wala madhara yaliyothibiti kwa kila mtu. Hakuwa mjinga. Alihukumu kwa ilimu iliyokuwa mkononi mwake kuhusu mwili wa binadamu.

Waganga walipothibitisha kwamba tumbako inaua, ulamaa wengi wa zama zetu walisema ni haramu, kwa sababu msingi umekuwa wazi: haifai mtu kuidhuru nafsi yake wala kumdhuru mwenzake. Baraza la Fatwa la Malaysia lilisema hivyo mwaka 1995, na mwezi Desemba 2015 likasema sigara ya umeme nayo ni haramu. Jumuiya ya Muhammadiyah ya Indonesia ilisema sigara ni haramu mwaka 2010, na mwaka 2020 ikaitia na ile ya umeme katika hukumu hiyohiyo.

Sisi hatupingani na fatwa hizo. Asiyevuta haruhusiwi kuanza, si moto wala mvuke. Lakini swali la mzee wetu si la mtu anayeanza. Ni la mtu aliye ndani na anatafuta mlango. Na fiqhi ina mizani kwa ajili ya mtu wa namna hiyo.

MIZANI YA SHERIA

Wanafunzi wa madrasa wanajua kanuni hii: yakikutana madhara mawili na hapana budi moja litokee, hubebwa lililo dogo ili kuepuka lililo kubwa. Kanuni hii haikutungwa na watu wa Ulaya. Katika Sura ya Kahf tunasoma habari ya mja mwema aliyefuatana na Nabii Musa, alivyokitoboa chombo cha maskini. Kutoboa chombo cha maskini ni madhara. Lakini mbele yao alikuwako mfalme aliyekuwa akipora kila chombo kizima. Chombo chenye tundu kikabaki kwa wenyewe.

Ibn al-Qayyim ametusimulia habari ya mwalimu wake Ibn Taymiyya, katika siku ambazo Matatari waliitawala nchi. Walipita mahali wakawakuta baadhi yao wanakunywa mvinyo. Mmoja wa waliokuwa naye akataka kuwakemea. Ibn Taymiyya akamzuia, akamweleza kwamba mvinyo umekatazwa kwa kuwa unamzuia mtu na kumkumbuka Mungu na kuswali, lakini watu hawa mvinyo unawazuia na kuua watu na kupora mali. Angalieni vizuri, ndugu zangu. Hakusema mvinyo ni halali. Hakuwanunulia mvinyo. Aliona tu kwamba kuwaondolea ule ubaya kwa wakati ule kungefungua ubaya mkubwa zaidi.

Na Ibn al-Qayyim huyohuyo amefundisha kwamba kukemea ubaya kuna daraja nne. Ya kwanza, ubaya uondoke na mahali pake pakae wema. Ya pili, ubaya upungue hata kama haukuondoka wote. Hizi mbili zinatakiwa. Ya tatu, ubaya uondoke uje mwingine sawa nao. Hapo ni mahali pa ulamaa kufikiri. Ya nne, ubaya uondoke uje mbaya zaidi. Hiyo ni haramu.

Tukiiweka sigara ya umeme katika mizani hii tunaona jambo la ajabu. Kifaa ni kimoja, lakini daraja zake zinabadilika kwa kadiri ya mkono unaokishika. Kwa mvutaji wa miaka thelathini aliyeshindwa kila njia, akaacha sigara kabisa kwa msaada wake, hiyo ni daraja ya pili: ubaya umepungua. Akiweza baadaye kukiacha na kifaa chenyewe, amefika daraja ya kwanza. Kwa yule anayevuta kifaa mchana ofisini na sigara usiku nyumbani, hajaondoa ubaya, ameongeza wa pili. Na kwa kijana asiyewahi kuvuta, hapakuwa na ubaya wa kupunguza. Kwake yeye kifaa hiki ni ubaya mtupu ulioingia mahali palipokuwa safi.

Ndiyo maana tulisema maswali ni mawili. Neno «afadhali» halina maana mpaka useme: afadhali kuliko nini? Nyama ya mzoga ni afadhali kuliko kufa kwa njaa. Lakini mwenye sahani ya ugali na samaki mbele yake akiuacha akaenda kula mzoga kwa kuwa amesikia unaruhusiwa, huyo hakuielewa ruhusa. Dharura hupimwa kwa kadiri yake, na ikiondoka, ruhusa nayo huondoka.

JIBU KWA MZEE WETU

Basi mzee wetu tunamjibu hivi.

Kwanza, atangulize njia iliyo safi zaidi. Aende kwa mganga wa hospitali amweleze. Kama vinapatikana vibandiko au chingamu ya nikotini, aanze na hivyo.

Pili, ikiwa hakuvipata au vimemshinda, na hana njia ila sigara au kifaa, tunaona ana udhuru wa kukitumia kwa niya ya kuacha. Niya iwe ya kweli. Mwenyezi Mungu anaijua.

Tatu, asichanganye. Siku anayoanza kifaa iwe ndiyo siku ya kuiaga sigara, au aweke siku ya karibu na asiisogeze.

Nne, aweke mwisho. Apunguze nguvu ya nikotini hatua kwa hatua mpaka aache vyote, asije akawa miongoni mwa wale 63.

Tano, asinunue maji ya kifaa kwa mtu asiyemjua wala yasiyo na maandishi. Na ayafiche mbali na watoto, kwa maana nikotini ya maji ikinywewa na mtoto ni sumu kali.

Sita, asikivute mbele ya watoto wala ndani ya msikiti, na ajue kwamba kukivuta mchana wa Ramadhani kunabatilisha saumu, maana ni kitu anachokiingiza ndani kwa makusudi.

Na tunamwongezea bishara. Waganga wanasema mwili huanza kupona mapema. Baada ya mwaka mmoja bila sigara, ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hupungua kwa nusu. Baada ya miaka kumi, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu huwa kama nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Na yeye kila Ramadhani anajizuia mchana kutwa kwa siku 29 au 30. Nguvu anayo. Anachohitaji ni kuivusha hadi usiku.

JIBU KWA KIJANA

Mtoto wa miaka 15 naye asikemewe tu, ajibiwe. Aambiwe: mwanangu, baba yako ameshika gongo kwa kuwa mguu wake umevunjika. Wewe mguu wako ni mzima. Ukitembea na gongo kwa sababu baba anatembea nalo, hutakuwa umepona. Utakuwa umejifunza kuchechemea.

Na aambiwe ukweli wa biashara. Utamu ule wa embe haukuwekwa kwa ajili ya kumponya mtu. Katika miji yetu kifaa hiki kinauzwa madukani pamoja na shisha, na anayekiuza haulizi kama mnunuzi ni mvutaji anayetaka kuacha au mwanafunzi mwenye franga za nauli. Na shisha yenyewe, vijana wetu wa Goma, Bukavu na Lubumbashi waelewe, haiko hata katika mjadala huu. Shisha ni tumbako yenye makala juu yake. Maji ya chini hayaisafishi.

TUSISEME UONGO KWA AJILI YA DINI

Hapa tunafika penye uzito wa jambo. Kuna watu wema wanaosema: hata kama kifaa kina madhara machache kuliko sigara, tusiwaambie watu hivyo. Tuseme vyote ni sawa, vyote ni sumu moja, ili vijana waogope. Niya yao ni kulinda watoto, na sisi tunaiheshimu niya hiyo. Lakini njia hiyo haifai, kwa sababu tatu.

Ya kwanza, si kweli, na mimbari haikujengwa kwa ajili ya kusema yasiyo kweli hata kwa kusudi jema. Qurani yenyewe, ilipozungumzia mvinyo na kamari katika Sura ya Baqara, haikukana kwamba mna manufaa ndani yake kwa watu. Ilieleza kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo. Kama Mwenyezi Mungu hakuficha manufaa ya mvinyo, sisi ni nani hata tufiche tofauti ya moshi na mvuke?

Ya pili, uongo huo una wa kumlipa. Mvutaji akiambiwa vyote ni sawa, atajibu: basi nibaki na sigara yangu niliyoizoea. Atabaki nayo, na huenda ikamuua. Damu ya mtu huyo tutaisema imemwagika kwa ajili ya nini? Kwa kumlinda kijana? Kijana angeweza kulindwa kwa njia nyingine: kwa sheria, kwa malezi, kwa muuzaji kuzuiwa. Haifai kumzamisha baba ili mtoto aogope maji.

Ya tatu, vijana wana simu. Watautafuta ukweli na kuupata. Siku watakapojua kwamba imamu alisema uongo katika jambo la mvuke, watasema na katika jambo la zinaa na riba pia alikuwa anatutisha tu.

Haramu zina daraja, na dhambi zina ukubwa na udogo. Kusema kwamba jambo fulani ni dogo kuliko lingine si kuliruhusu. Mzazi anayeshindwa kulieleza hili kwa mtoto hajashindwa kwa sababu mtoto hawezi kuelewa. Mara nyingi ni kwa sababu hakukaa naye.

WAJIBU WETU TUSIOVUTA

Ndugu zangu, ni rahisi kumhukumu mvutaji. Harufu yake inamtangaza kabla hajasema kitu. Kweli, anayekuja msikitini na harufu inayoudhi anapaswa kuwahurumia wenzake, kama tulivyofundishwa juu ya kitunguu na kitunguu saumu. Lakini tukumbuke yule bedui aliyeingia msikitini kwa Mtume, rehema na amani zimfikie, akakojoa humo. Masahaba wakataka kumrukia. Mtume akawazuia mpaka amalize, akaamuru imwagwe ndoo ya maji, kisha akamfundisha kwa upole. Najisi ya mahali pamoja ilikuwa nyepesi kuliko kumdhuru mtu na kuitawanya msikiti mzima, na kuliko kumfukuza na dini yake.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Baba asimtume mtoto kununua sigara moja dukani, wala asimwambie aiwashe kwenye mbabula, kwa maana mkono huo mdogo unajifunza. Mwenye butiki aliye Mwislamu aogope Mwenyezi Mungu katika riziki yake: asimuuzie mtoto sigara wala kifaa, na heri yake aache biashara hiyo kabisa, duka halikosi chumvi na sabuni za kuuza. Na kila mmoja aliye na ndugu mvutaji amuulize wiki hii, si kwa dharau: «Umewahi kujaribu kuacha? Nikusaidie nini?» Pengine anayengoja kuulizwa hivyo amengoja miaka mingi.

Mwenyezi Mungu awafungulie wavutaji wetu njia ya kutoka, awape subira ya siku za kwanza ambazo ni ngumu, awalinde watoto wetu wasiingie, na atujaalie ulimi wa kweli usiomkatisha mtu tamaa. Amina.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu, karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe chini. Ukimaliza kuisoma, mpe mwenzio.